Kwa Nini Mwingereza Huanza na Mvua

Zamani sana, Waingereza walikuwa wakisalimiana kama sisi. Naam, kama sisi, na pengine walituzidi. Mtu akikutana na mwenziwe njiani alitua mzigo wake chini, akauliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za kondoo, habari za goti la mama mkwe. Na akishajibiwa yote hayo aliulizwa yeye, na safari ikaanza upya. Hakukuwa na salamu za haraka haraka. Jua lilihama kutoka bega moja hadi bega la pili, na watu wawili walikuwa bado wamesimama palepale, wakijuliana hali.

Katika bonde moja la kaskazini, lililoitwa Ellerwick, desturi hiyo ilikuwa imekomaa mpaka ikawa sheria. Mtoto aliijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Usimsemeshe mtu neno lolote kabla hujamjulia hali, kwa maana kufanya hivyo kulihesabiwa kuwa ni kumzika angali hai. Ukiulizwa, jibu kweli, na uijibu yote. Na aliyeuliza asikilize mpaka mwisho, hata kama mvua inamwingia viatuni.

Mikate mingi iliungua Ellerwick kwa sababu ya sheria hiyo. Watu walifika mazishini marehemu ameshafunikwa, kwa kuwa walikuwa wamekutana wao kwa wao langoni. Na kwenye daraja jembamba la kijiji, wawili walipokutana na kuanza, wa tatu alisimama nyuma yao akingoja, na wa nne akasimama nyuma ya wa tatu, wala hakuna aliyesukuma. Wapo wanaosema kwamba hapo ndipo Waingereza walipojifunza kupanga foleni, ila wanaosema hivyo hawakuwapo.

Sasa, bondeni humo aliishi mwanamke mmoja aliyeitwa Hester. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye kondoo kumi na wanne na nyumba ya mawe juu kwenye mteremko. Chini yake, ng'ambo ya ua wa miiba, aliishi jirani yake Tamsin pamoja na mumewe Obed. Ua ule ulikuwa na pengo, upana wake wa kutosha mwanamke mwenye kikapu, na kwa miaka ishirini Hester na Tamsin walikutana hapo kila asubuhi. Salamu zao zilikuwa ndefu kuliko za watu wote wa bonde, nao walizipenda hivyo. Walianza na usingizi, wakapita kwa kuku, wakazunguka kwa wagonjwa wote wa kijiji, wakarudi kwenye usingizi.

Hester alisifika kwa pudini yake ya Krismasi. Ni chakula kizito cheusi, chenye zabibu kavu na mafuta ya ng'ombe, kinachofungwa kwenye kitambaa na kutokoswa tangu asubuhi hadi jioni. Mama yake alimfundisha, na mama yake alifundishwa na mama yake. Na pudini hiyo ina mwiko wake: haikorogwi na mkono mmoja. Kila aliyemo nyumbani hushika mwiko wa mti, akakoroga kutoka mashariki kwenda magharibi, akaomba jambo moja moyoni bila kulitamka. Kwa kuwa Hester hakuwa na mtu nyumbani, Tamsin ndiye aliyepita penye pengo, akakunja mikono ya gauni lake, akaikoroga pamoja naye. Kisha pudini moja ilibaki juu na nyingine ikashuka kwa Tamsin.

Ikafika Krismasi moja Hester akakosea. Pengine alisahau sukari. Pengine alitia chumvi mara mbili. Yeye mwenyewe hakujua, maana sikukuu ile alikuwa na mafua makali na hakuonja ladha ya chochote. Jumapili ya kwanza ya mwaka mpya alikutana na Tamsin mlangoni pa kanisa, watu wamejaa, na salamu zikaanza.

"Na pudini yangu, jirani? Mliionaje?"

Tamsin alikohoa. "Obed hajambo," akasema. "Kuku nao wameanza tena kutaga."

"Nimeuliza pudini."

Tamsin alitazama viatu vyake. Alitazama mnara wa kanisa. Lakini sheria ni sheria. "Tulimpa nguruwe, Hester." Akameza mate, kwa kuwa sheria ilitaka yote. "Nguruwe aliigeuza kwa pua, akaitazama, akaenda kulala."

Watu walicheka. Gideon, mwenye kinu cha kusaga ngano, alicheka mpaka akashikilia jiwe la kaburi asianguke. Hester alisimama katikati ya kicheko kile kama mtu aliyevuliwa shali kwenye baridi.

"Nawe, jirani?" Tamsin aliuliza upesi, kwa kuwa zamu ilikuwa yake, na kwa kuwa alitaka jambo lile lipite. "Hali yako?"

Hester alijibu kweli, naye akaijibu yote. Alisema hali yake ni ya mtu aliyevumilia miaka ishirini. Alisema Tamsin akiimba kanisani hufanana na mlango unaolilia mafuta. Alisema jemu ya Tamsin ni imara sana. Ameiweka chini ya mguu mfupi wa meza yake tangu mwaka juzi, na meza haijayumba hata siku moja. Alisema Obed akikoroma huku chini, kondoo kule juu huitikia.

Safari hii hata Gideon hakucheka.

"Basi sitakuuliza tena habari zako," Tamsin alisema.

"Wala mimi zako."

Maneno hayo yalisemwa mlangoni pa kanisa, mbele ya walio hai na waliolala, na Ellerwick neno la mlangoni pa kanisa halikurudishwa.

Miaka sita ikapita. Miiba haina ugomvi na mtu, lakini hujaza palipo wazi; pengo la ua likaanza kuziba, mwaka wa kwanza kwa chipukizi, mwaka wa tatu kwa matawi, hata mwaka wa tano asingepita paka. Asubuhi Hester aliamka na maneno yake yote mdomoni, akawapa kondoo. Kondoo walisikiliza mpaka mwisho, lakini hawakuuliza.

Ilipofika wiki ya kukoroga pudini, alishika mwiko kwa mkono wa kulia, akakoroga kwa ajili yake. Kisha akauhamishia mkono wa kushoto, akakoroga kwa ajili ya yule asiyekuwapo. Kila mwaka aliomba jambo lilelile, na kila mwaka aliliomba kimya, kama mwiko unavyotaka.

Mtu atauliza: kwa nini hakushuka tu akamwamkia jirani yake? Kwa sababu kumwamkia kulikuwa kuvunja kiapo. Na zaidi ya kiapo, kulikuwa kukiri kwamba pudini ile ilikuwa mbaya. Hester alikwisha kujua kwamba ilikuwa mbaya. Alijua tangu mwaka wa pili, alipokumbuka ghafla, akiwa amesimama kisimani, kwamba kopo la sukari lilibaki limejaa Krismasi nzima. Kujua ni jambo moja, na kukiri mbele ya Gideon ni jambo jingine.

Kiangazi cha mwaka wa sita, yaani majira ya joto ya kule, kilikuwa kibovu. Mvua ilinyesha wiki tano mfululizo, na watu wakaanza kuogopa, kwa sababu bondeni mule ng'ombe hula nyasi mbichi kiangazi tu. Majira ya baridi wanaishi kwa nyasi zilizokatwa, zikaanikwa, zikakauka sawasawa na kuingizwa bandani. Nyasi zikilowa baada ya kukatwa, huoza. Zikioza, ng'ombe huchinjwa kabla ya theluji, kwa kuwa hakuna cha kumpa. Na Tamsin alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwekundu, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa siagi, jibini na kila kitu katika nyumba ile.

Hatimaye jua likatoka siku tatu. Bonde zima likashika miundu. Hester alianika nyasi zake na kuziingiza bandani mapema, maana mteremko wake hukauka upesi. Lakini Obed alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, amelala ndani, na Tamsin alikata shamba lote la chini peke yake. Mchana wa siku ya tatu nyasi zake zilikuwa zimetandazwa uwanda mzima, kavu, zenye harufu tamu, na hata mzigo mmoja haujaingia bandani. Naye alikuwa amekaa kivulini mwa ua, ameupa mgongo upande wa magharibi, anakula mkate na jibini kama mtu aliye na siku nzima mbele yake.

Hester alikuwa mlangoni pake, juu. Kutoka pale aliona kitu ambacho Tamsin asingekiona kutoka bondeni: nyuma ya kilima cha magharibi wingu lilikuwa linapanda, jeusi, pana, na chini yake kumetanda mvua kama pazia.

Alipima wakati kwa macho. Saa moja, labda pungufu.

Akitaka kupiga ukelele, "Tamsin, mvua!", angekuwa amemsemesha mtu bila kumjulia hali, naye hakutaka kumzika jirani yake angali hai, hata baada ya miaka sita. Akitaka kumwamkia kwanza, kiapo kingevunjika. Na hata kama kingevunjika, basi na kivunjike, angelazimika kuuliza habari za Obed, na za kifundo cha Obed, na za ng'ombe, na za kuku wa miaka sita. Na Tamsin angelazimika kujibu kweli, na kujibu yote. Mvua ingewakuta bado wako kwenye kuku.

Alishuka bila kujua atafanya nini, reki mkononi. Alifika kwenye ua, mahali pale palipokuwa na pengo. Kupitia kwenye miiba aliona kofia ya Tamsin ya majani, na mkono ukipeleka mkate mdomoni. Hester alifungua kinywa, akakifunga. Ndipo alipoinua macho, si kwa Tamsin, bali juu, mahali pasipo pa mtu. Mbingu haikuwa nyumba ya yeyote. Haikuwa na mume, haikuwa na goti, haikuwahi kula pudini. Kuisema hakukuwa kuuliza habari za mtu.

"Inaelekea kunyesha," Hester aliiambia mbingu.

Mkono wenye mkate ulisimama hewani.

Nyuki alipita, akarudi. Hester aliona mabega ya Tamsin yakipanda na kushuka, akajua kwamba jirani yake naye anapima: kwamba hakuulizwa, kwa hiyo halazimiki kujibu, kwamba anaweza kumaliza mkate wake na kunyamaza, na ingekuwa haki yake. Hapo ndipo Hester alipofahamu kwamba hakushuka kwa ajili ya ng'ombe peke yake.

Tamsin aligeuka polepole. Hakumtazama Hester. Alitazama juu ya kilima cha magharibi, akauona ukingo mweusi wa wingu ukichungulia.

"Inaelekea," akasema.

"Limejaa hasa, lile."

"Limejaa kweli."

Hester alipita katikati ya miiba. Hakutafuta njia, alipita tu, ikamchana mkono wa gauni na shavu, akatokea upande wa pili na reki yake. Wakafanya kazi. Walikusanya, wakainua, wakabeba, mmoja akisukuma na mwingine akivuta, na katika muda huo wote hawakusema lolote ila la mbinguni. "Upepo umegeuka." "Umegeuka." "Kunakuwa giza." "Giza, naam." Obed, aliyesikia sauti mbili shambani, alijikokota hadi dirishani kwa mguu mmoja, akaona kilichokuwako, akaufunga mdomo wake kwa mkono kwa kuogopa asije akasema kitu.

Mzigo wa mwisho uliingia bandani pamoja na matone ya kwanza. Kisha mbingu ikafunguka. Wanawake wawili walisimama mlangoni mwa banda, vipande vya nyasi nyweleni, jasho limechanganyika na mvua, wakitazama maji yakipiga uwanda mtupu.

"Ingeweza kuwa mbaya zaidi," Tamsin alisema.

"Ingeweza," Hester alisema, akaangua kicheko. Tamsin naye akacheka, wakacheka mpaka wakaketi juu ya nyasi, bila yeyote kueleza anacheka nini.

Asubuhi iliyofuata Hester alitoka na kumkuta Tamsin penye pengo la ua, anakata miiba kwa panga.

"Kumetulia leo," Tamsin alisema.

Hester alisikiliza maneno yale. Yalikuwa maneno mawili tu, lakini ndani yake alisikia usingizi, na Obed, na ng'ombe mwekundu anayekula, na miaka sita ikiwekwa chini kama mzigo. "Kumetulia sana," alijibu, na kila alichotaka kusema kilikuwamo.

Watu wa Ellerwick hawakuchelewa kuliona jambo hilo. Kwanza walishangaa, kisha wakalijaribu. Waligundua kwamba mtu aweza kumwambia mwenziwe "kuna ukungu" na mkate usiungue. Waligundua kwamba wasiopatana wanaweza kupita mlango mmoja, na wenye haya wanaweza kuanza. Punde si punde, bonde lote liliamkiana kwa mawingu.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa halijakamilika. Watu wale walikuwa bado ni watu wa kweli tupu. Mmoja akisema, "Baridi leo," mwenziwe alisimama, akalowesha kidole, akakiinua juu, akajibu, "Hapana, jana ndiyo ilikuwa baridi." Gideon alikosana na shemeji yake miezi minane kwa sababu ya wingu moja ambalo yeye aliliita la mvua na shemeji akaliita la kupita. Kilichowapatanisha majirani wawili kilianza kuwagombanisha wengine.

Miaka ikasonga. Hester alizeeka, macho yake yakaingiwa na utando, mwishowe yakawa hayatofautishi dirisha na ukuta. Tamsin alipanda kila siku kumwashia moto. Mwezi wa Januari mmoja, Hester alipokuwa anapona homa, majirani walikuja kumwona. Walijaa sebuleni, Gideon akiwa mbele, makoti yao yakichuruzika, kwa kuwa mvua ilikuwa imeshika tangu alfajiri na upepo unaipiga kwenye vioo.

Hester alikuwa ameketi karibu na moto, shali mabegani, joto likimcheza usoni. Alisikia nyayo zao. Aligeuza uso wake kuelekea kwao, akatabasamu, akasema kama mwenye nyumba apaswavyo kuanza:

"Jua zuri leo."

Gideon, aliyekuwa mtu mkweli, alivuta pumzi ili aseme ukweli. Tamsin alikuwa mlangoni, ndoo ya maji mkononi, nywele zimegandamana na mashavu, kidimbwi kikitanuka miguuni pake. Alimtazama Gideon mara moja tu.

"Zuri sana, jirani," Tamsin alisema. "Limetoka tangu asubuhi."

Kwa mara ya kwanza tangu bonde lipate jina, mtu wa Ellerwick alikuwa ameambiwa hali ya mbingu na hakujibu kweli. Watu walitazama kidimbwi. Walimtazama kikongwe penye moto, na uso wake uliokuwa ukingoja. Gideon alizungusha kofia yake mikononi, mara moja, mara mbili.

"Hata mimi," akasema, maji yakimdondoka puani, "nusura nivue koti."

"Ni jua la ajabu kwa Januari," akasema shemeji yake.

"La ajabu," wakasema wote.

Hester alikuwa kipofu, hakuwa kiziwi. Aliisikia mvua ikigonga vioo. Alizisikia buti zikitoa maji sakafuni. Akasikia pia jinsi walivyomjibu. Akanyoosha mkono upande ambao sauti ya Tamsin ilitokea, akaupata mkono wake, wenye baridi na uliolowa chepechepe, akaufunika kwa shali lake.

Na tangu siku hiyo, kutoka bonde lile hadi miji mikubwa ya nchi ile, Mwingereza akikutana nawe hakuulizi habari za nyumbani, wala za watoto, wala za goti la mama mkwe. Huanza na mbingu. Wageni wanaohamia huko humwona mkavu wa maneno, wakaandikia ndugu zao kwamba watu hawa hawajui kuamkiana. Lakini wewe ukisimama kituo cha basi, na mzee aliye pembeni yako akatazama juu na kusema, "Kibaridi leo," usiinue kichwa kuhakikisha, wala usimwambie kwamba kwenu kuna joto. Mwambie, "Kibaridi kweli." Mwambie hivyo hata kama jasho linakutiririka mgongoni. Utaona uso wake unavyolegea.